Je, tuuze kibanja ili nikasome ramsa ya Wagiriki wa kale?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni kijana wa miaka 27, mzaliwa wa Bukoba. Nilisoma seminari ndogo, na huko ndiko nilikojifunza Kilatini, somo ambalo wenzangu wengi walilichukulia kama adhabu lakini mimi lilinikaa. Baada ya kidato cha sita niliacha wito kwa amani, nikasoma shahada ya kwanza ya fasihi na isimu hapa nchini, kisha nikapata ufadhili wa mwaka mmoja kwenda Uingereza kusoma uzamili wa lugha na fasihi za kale, yaani Kigiriki na Kilatini. Nimesharudi nyumbani.

Katika masomo hayo nilikutana na Aristophanes, mtunzi wa ramsa (tamthilia za kuchekesha) wa Athens, na kilichonikamata zaidi ni ugomvi wake na mtunzi mkongwe aitwaye Cratinus. Mwaka 424 K.K., katika tamthilia yake ya Wapandafarasi, Aristophanes alimdhihaki Cratinus mbele ya watu kuwa ni mzee mlevi aliyekwisha. Mwaka uliofuata Cratinus akarudi jukwaani na tamthilia iitwayo Chupa, akajifanya yeye mwenyewe mhusika mkuu, mume aliyeshitakiwa na mkewe kwa sababu ya pombe, na mke huyo ni Ramsa mwenyewe. Mzee akashinda. Aristophanes, aliyekuja na Mawingu, akawa wa tatu kati ya watatu. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka mipasho ya taarabu, hasa ule ushindani wa vikundi vya TOT na Muungano wa miaka ya 1990 ambao mama yangu huusimulia mpaka leo kana kwamba ulifanyika juzi. Nikaandika pendekezo la utafiti la kuyalinganisha mambo hayo mawili.

Chuo kimoja cha Uingereza kimenikubali kuanza uzamivu mwezi Septemba, lakini bila ufadhili. Ada peke yake, kwa mwanafunzi wa kigeni, inapita pauni 20,000 kwa mwaka, na masomo ni ya miaka mitatu au minne. Baba mkubwa ameshauri ukoo uuze sehemu ya kibanja cha babu ili nilipe mwaka wa kwanza, akiamini kwamba nikishafika huko njia itafunguka. Baba yangu mzazi hataki kusikia. Anasema vichekesho vya watu waliokufa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita havijawahi kumlisha mtu, na kwamba heri nisomee sheria. Wakati huohuo gombera, yaani mkuu wa seminari niliyosoma, ameniita nikafundishe Kilatini na Kiingereza. Mshahara ni mdogo, ila nyumba na chakula vipo.

Kuna mambo mawili ambayo sijamwambia mtu. La kwanza ni kwamba Kigiriki changu nilikianza ukubwani, wakati wa uzamili. Hotuba za Lysias nazisoma kwa msaada wa kamusi, lakini Aristophanes namsoma tafsiri ikiwa wazi pembeni, na profesa atakayenisimamia hajawahi kuniuliza habari hiyo. La pili ni maneno niliyoambiwa na mhadhiri mmoja kwenye kongamano la wanafunzi, kwamba mtu aliyetoka Afrika atapata nafasi kwa urahisi zaidi akichunguza jinsi tamthilia za Kigiriki zilivyopokewa Afrika, kuliko akishindana na wengine katika matini zenyewe. Alisema kwa upole, lakini maneno hayo bado yananikereketa.

Naomba uniambie ukweli. Niende, nikafundishe, au niiache fani hii kabisa?

Mpenda Ramsa, Bukoba

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lenye haraka. Kibanja kisiuzwe, hata sehemu yake. Katika fani ya lugha za kale, uzamivu si kitu cha kulipiwa na ukoo. Chuo kinapokupa nafasi bila fedha kinathibitisha kwamba unaweza kuyafuata masomo. Kinapokupa nafasi pamoja na fedha, kinathibitisha kwamba watu wenye fungu dogo mkononi wamekulinganisha na waombaji wengi na kukuweka mbele. Wale watakaosoma wasifu wako baadaye, unapoomba kazi, wanaijua tofauti hiyo na huitafuta. Isitoshe, hesabu ya baba mkubwa, pamoja na upendo wote uliomo ndani yake, inaishia mwaka wa kwanza. Fedha za mwaka wa kwanza hazizai za mwaka wa pili, na wafadhili wengi humtaka mwanafunzi anayeanza, si yule aliyekwisha kuanza kwa fedha zake kisha akakwama katikati.

Hata aliyefadhiliwa na kumaliza salama hana hakika ya kazi. Mtu anayetoka na uzamivu wa Kigiriki au Kilatini huko Uingereza au Marekani kwa kawaida huanza kwa mikataba ya mwaka mmoja au miwili, akihama mji hadi mji, na wengi wenye uwezo mkubwa huamua kuacha kabla ajira ya kudumu haijapatikana. Idara zenyewe hazina usalama. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Howard cha Washington, kilichokuwa peke yake kati ya vyuo vya kihistoria vya Wamarekani Weusi kuwa na idara ya elimu ya kale, kilitangaza kuivunja idara hiyo na kuwagawa walimu wake katika idara nyingine. Sisemi haya ili kukutisha. Nasema kwa sababu anayetoka bila deni anaweza kuivumilia miaka hiyo ya mikataba au kuiacha akiwa bado na heshima yake, lakini yule ambaye nyuma yake kuna kibanja kilichouzwa hatakuwa na uhuru wa kufanya lolote kati ya hayo mawili.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha barua yako, ingawa umeliweka karibu na mwisho kama mtu anayetaja homa ndogo. Kigiriki chako bado hakijatosha kwa kazi unayoitaka. Profesa hajauliza, lakini matini itauliza siku ya kwanza. Aristophanes si mwandishi wa kuanzia. Lysias aliwaandikia hotuba watu wa kawaida waliokwenda kujitetea mahakamani, naye alitaka aeleweke mara moja. Aristophanes anataka achekwe, kwa hiyo huchanganya lugha ya sokoni na ya jikoni, matusi ya kitandani, maneno ya mahakama, mbwembwe za watunzi wa tanzia anaowaiga kwa kuwakebehi, na maneno anayojitungia mwenyewe ambayo hayaonekani popote pengine katika Kigiriki kilichotufikia. Hapo bado arudhi, yaani kanuni za mizani ya ushairi, hujaigusa, na bila arudhi hutajua ni wapi mhusika anasema na ni wapi korasi, lile kundi la waimbaji, inaimba.

Nakupa jaribio ambalo utalifanya peke yako, pasipo kumwonyesha mtu. Chukua Wapandafarasi, mstari wa 526 hadi 536, mahali hasa ambapo ugomvi unaoupenda umelala. Ficha tafsiri. Hapo korasi inasema kwamba zamani Cratinus alitiririka kama mto wa mafuriko katika nchi tambarare, uking'oa mialoni na miti mingine mikubwa pamoja na wapinzani wake, na nyimbo zake ndizo zilizoimbwa katika kila karamu. Leo mnamwona mzee anaropoka wala hammwonei huruma, kinubi chake kimechomoka vigingi, nyuzi zimelegea, viungo vimeachana, naye anazurura na taji lililonyauka kichwani, akifa kwa kiu. Ni mistari 11 tu. Ukiweza kuieleza sarufi ya kila neno na kuonyesha mizani inavyokwenda, kwa kamusi lakini bila tafsiri, katika muda wa alasiri moja, basi uko njiani. Ukishindwa, hukufeli mtihani wowote. Umejua tu kwamba mwaka ujao una kazi gani.

Tazama pia ukatili uliomo katika mistari hiyo, kwa sababu ndio unaoeleza ushindi wa mwaka uliofuata. Aristophanes hamtukani mzee moja kwa moja. Anamsikitikia. Anasema kwamba mtu wa ushindi wa namna ile alistahili kulishwa na kunyweshwa kwa gharama ya mji na kukaa kiti cha mbele kwenye tamasha, badala ya kuhangaika kutunga. Huruma ya kijana kwa mzee aliye bado kazini inauma kuliko tusi, na ukiisoma kwa Kigiriki utaona jinsi sifa zinavyopangwa ili ziwe msumari. Mapema kidogo, kwenye mstari wa 400, korasi ilikuwa imeapa: kama sikuchukii, na niwe ngozi ya kondoo ya kulalia nyumbani kwa Cratinus, yaani tandiko la mlevi asiyeamka usiku. Kwa hiyo tusi lilitangulia na huruma ikafuata. Cratinus hakukanusha lolote kati ya hayo. Aliuchukua ulevi aliotupiwa, akaufanya kisa cha tamthilia.

Tunakijua kisa hicho kwa njia gani, wakati hakuna hata tamthilia moja ya Cratinus iliyotufikia nzima? Msomi mmoja wa zamani asiyejulikana jina aliandika maelezo kwenye ule mstari wa 400, akasimulia kwamba Ramsa alitaka kumwacha mumewe na kumfungulia mashitaka, marafiki wa mshairi wakaja kumsihi, naye akalalamika kwamba mume hatungi tena, anashinda na Bibi Ulevi. Mengine ni vipande tu: mstari mmoja uliotajwa na mwandishi wa karne za baadaye kwa sababu ya neno adimu, viwili vitatu vilivyotajwa kwa sababu ya jina la chombo cha mvinyo. Aristophanes ana tamthilia 11 zilizo kamili, zote zikiwa pamoja katika muswada mmoja wa karne ya 10 uliohifadhiwa Ravenna, Italia. Mpinzani wake ana vipande. Yeyote anayeandika juu ya ugomvi wao anasikiliza upande mmoja kwa ukamilifu na mwingine kupitia ufa wa mlango, na tasnifu yako lazima ilikabili jambo hilo tangu sura ya kwanza.

Hapa ndipo seminari inapokulipa, pengine bila wewe kujua. Vipande vyote vya watunzi wa ramsa vimekusanywa na Rudolf Kassel na Colin Austin katika mkusanyiko ulioanza kuchapishwa mwaka 1983, na juzuu iliyotangulia kutoka ndiyo yenye Cratinus. Ufungue uone ukurasa ulivyo: juu kuna kipande chenyewe kwa Kigiriki, pamoja na mahali kilipotajwa, chini yake tofauti za miswada, kisha maelezo ya wahariri, na maelezo hayo yote yameandikwa kwa Kilatini. Wanafunzi wengi wa siku hizi hufika hapo wakakwama, maana hata vyuo vikubwa vimepunguza masharti ya lugha. Mwaka huohuo wa 2021 Princeton iliondoa sharti la kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza wa fani hii kusoma Kigiriki au Kilatini. Wewe Kilatini unacho tangu ujana. Na matangazo ya kazi katika fani hii mara nyingi hutaka mtu wa kufundisha lugha zote mbili katika ngazi zote, kwa sababu ukweli wa kazi ni kwamba mtaalamu wa Aristophanes hupata kumfundisha Aristophanes mara chache, na siku zilizobaki hufundisha vitenzi vya Kilatini kwa wanafunzi wanaoanza. Usikione Kilatini chako kama mabaki ya wito ulioacha. Ni nusu ya ajira yako.

Kwa hiyo, nakushauri uipokee kazi ya gombera, ila kwa masharti, na mweleze mapema badala ya kumshitukiza baadaye. Mwambie utakaa miaka miwili, au mmoja ikiwa ufadhili utapatikana mapema, na kwamba unahitaji saa za asubuhi, kabla ya vipindi, ziwe zako. Katika saa hizo usianze na Aristophanes. Maliza Lysias, usome Utetezi wa Socrates ulioandikwa na Plato, kisha uingie kwenye ramsa kwa mlango wa Menander, aliyefuata karibu karne moja baada ya Aristophanes na ambaye Kigiriki chake ni cha mazungumzo, laini, kisicho na mitego mingi. Tamthilia yake ya Mzee Mgumu, iliyoshinda mwaka 316 K.K., ilikuwa imepotea kabisa mpaka ilipopatikana kwenye mafunjo, yaani karatasi za kale za matete, ya Misri na kuchapishwa mwaka 1958, karibu nzima. Baada ya hapo ndipo uyafungue Mawingu, ukiwa na maelezo ya Kenneth Dover ya mwaka 1968 mkononi. Kama intaneti ya seminari inaruhusu, maktaba ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts inatoa matini za Kigiriki bure pamoja na kamusi. Ila uizoee kamusi, usizoee kubofya kila neno.

Katika miaka hiyo miwili andika makala moja ya kuambatisha kwenye maombi, na mada ninayo. Plautus, mtunzi wa Roma, aliichukua tamthilia ya Menander iitwayo Mdanganyifu Mara Mbili akaitunga upya kwa Kilatini. Kwa karne nyingi hakuna aliyeweza kuona alibadilisha nini, mpaka mwaka 1968 Eric Handley alipochapisha kipande cha mafunjo kutoka Oxyrhynchus, Misri, chenye mistari ya Menander inayolingana na ya Plautus, hivi kwamba unaweza kuziweka lugha zote mbili bega kwa bega. Utaona kwamba Menander anawaweka baba na kijana wake jukwaani wakizungumza kwa utulivu kuhusu dhahabu, na Plautus anayafuta mazungumzo hayo, anakimbilia hasira na utani. Mtumwa mjanja wa Menander aliitwa Syros. Plautus anampa jina jingine, kisha anamfanya ajigambe kwamba hawathamini watumwa wale wa aina ya Parmeno na Syrus wanaowaibia mabwana zao vijisenti viwili vitatu. Plautus anampiga kijembe mtunzi aliyemnakili! Makala ya namna hii itaonyesha Kilatini chako kwa nguvu zake zote na Kigiriki chako mahali ambapo hakitakuangusha, na haijaenda mbali na mada yako, kwa kuwa hiyo nayo ni habari ya mtunzi kumjibu mtunzi.

Sasa mipasho. Wazo lako ni zuri, na kwa sababu ni zuri nataka ulitunze lisigeuke pambo. Ukisema tu kwamba Athens walikuwa na vijembe na sisi tuna vijembe, msomaji ataitikia kwa kichwa na kufunga kitabu. Faida ya ulinganisho iko pale mambo yanapoachana. Aristophanes na Cratinus walishindana katika tamasha la mji, mbele ya waamuzi waliopatikana kwa kura ya bahati nasibu, na wanaume ndio waliocheza. Jibu lilitoka kwa mtunzi mwenyewe, mwaka mmoja baadaye, na aliyeshindwa angeweza kulalamika kwa maandishi, kama Aristophanes alivyofanya alipoyaandika upya Mawingu na kuwakaripia watazamaji kwa kutoielewa tamthilia yake. Kwenye ukumbi wa taarabu mambo ni mengine. Mwimbaji, mara nyingi mwanamke, anaimba. Kisha mama mmoja anainuka na noti mkononi, anakwenda kutuza kwa madaha, na kwa hatua zake na macho yake kila mtu anajua kijembe hicho sasa kinakwenda kwa jirani gani. Wimbo umetoka kwa mtunzi, umehamia kwa mtazamaji. Je, pale Athens mtazamaji alikuwa na njia yoyote ya kuuchukua mzaha wa jukwaani na kuutumia nyumbani kwake? Hilo ni swali ambalo mtu aliyekulia kwa mama mpenda taarabu analiuliza bila kufundishwa, na sidhani lingemjia kwa urahisi aliyekulia kwingine.

Ila ujue kwamba upande huo nao ni utafiti kamili. Utahitaji kanda, mashairi yaliyonakiliwa, na mahojiano na waliokuwepo, maana kumbukumbu za mama si ushahidi wa kutosha mbele ya watahini. Kama unaogopa kubeba mizigo miwili, kuna malumbano ya washairi wa Mombasa na Lamu enzi za Muyaka bin Haji katika karne ya 19, ambayo yako kwenye maandishi, yana vina na mizani, na yamehaririwa. Mimi ningekaa na taarabu, lakini hiyo ni ladha yangu.

Kuhusu yule mhadhiri wa kongamano, alisema jambo lenye ukweli nusu. Ni kweli kwamba uchunguzi wa jinsi tamthilia za Kigiriki zilivyopokewa duniani una nafasi nyingi siku hizi, na si kazi ya daraja la pili hata kidogo: Ola Rotimi aliihamishia habari ya Oedipus katika nchi ya Wayoruba mwaka 1968, Wole Soyinka akaitunga upya tanzia ya Euripides mwaka 1973, na Samuel Mushi alikuwa amemtafsiri Sophocles kwa Kiswahili kama Mfalme Edipode mwaka 1971. Kasoro ya maneno yake ni kudhani kwamba mahali mtu alipotoka ndipo panapomchagulia swali. Vyuo vikuu vya Ibadan (Nigeria), Legon (Ghana) na Cape Town vimefundisha Kigiriki na Kilatini kwa miongo mingi, kule Zomba nchini Malawi vimefundishwa pia, na Alexander Kwapong, aliyesoma fani hii Cambridge, alifika kuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Ghana. Hujavamia shamba la mtu. Mtu akikurudishia maneno hayo, mjibu kwa kumsomea Kigiriki. Na hiyo ni sababu nyingine ya kuyatumia vizuri yale masaa ya asubuhi.

Baba yako mzazi usibishane naye kuhusu thamani ya ramsa. Anauliza utakula nini, na hilo lina majibu. Mwambie kwamba kwanza utakuwa na mshahara wa ualimu, pili hutachukua shilingi ya ukoo, tatu kwamba ukikosa ufadhili baada ya kuomba misimu miwili utabaki na kazi ya lugha unayoijua na utaangalia mengine, pamoja na hiyo sheria. Mweke na tarehe, wazee wanapenda tarehe. Kama atataka kujua Wagiriki wanatuhusu nini sisi, msimulie kwamba maelezo ya zamani kabisa yaliyoandikwa ya pwani yetu, yanayotaja mji wa Rhapta uliokuwa soko la pembe za ndovu, yameandikwa kwa Kigiriki na mtu wa biashara wa karne ya kwanza baada ya Kristo. Haitamlisha mtu, lakini atatulia kidogo. Na usiitupe hoja hiyo: idara ya historia au ya akiolojia hapa kwetu inaweza siku moja kumhitaji mtu anayeisoma habari hiyo katika lugha yake ya asili, na watu hao ni wachache mno.

Utakapoomba upya, panga mapema. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya uzamivu kati ya Desemba na Januari. Vile vyenye uwezo humsamehe mwanafunzi ada na kumpa posho kwa takriban miaka mitano, naye husaidia kufundisha, na humtaka afanye mitihani ya kutafsiri Kigiriki na Kilatini pamoja na kuonyesha kwamba anasoma Kijerumani na Kifaransa au Kiitaliano. Anza Kijerumani sasa, cha kusoma tu, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi nzito kuhusu vipande vya ramsa imeandikwa katika lugha hiyo. Uingereza, tazama fedha za ufadhili za Clarendon ya Oxford na Gates Cambridge, zote zikipokea fani yoyote na uraia wowote wa nje. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola unakutazama kama Mtanzania, lakini hutaka utafiti unaogusa maendeleo, na kulipindisha pendekezo lako mpaka Cratinus aonekane mtaalamu wa maendeleo itakuwa ramsa nyingine.

Na ile nafasi ya Septemba usiikatae bado. Mwandikie profesa wiki hii, kwa heshima na bila kujieleza sana, uombe kuahirisha kuanza kwa mwaka mmoja, umweleze waziwazi hali ya Kigiriki chako na mpango wako wa kukiimarisha, na umuulize ni mfuko gani wa chuo hicho anaoweza kukupendekezea katika msimu ujao. Asipojibu swali hilo la mwisho, peleka maombi yako kwingine.